Namna ya Kulinganisha Ganda na Solidi Bila Kuaibika

Ndugu yangu injinia, nayajua yaliyokukuta. Ulipiga hesabu ya mkazo kwa elementi za ganda, ukapata megapaskali 140, ukalala usingizi wa haki. Kisha mteja akasikia mahali kwamba solidi ndiyo yenyewe hasa, akaitaka na hiyo. Kompyuta imeunguruma usiku kucha na asubuhi imetema 312. Kikao ni saa nne. Chuma chenyewe huanza kulegea kwenye 275, na leo umevaa shati jepesi linaloonyesha jasho.

Kunywa chai kwanza. Kazi iliyo mbele yetu si kujua kama bamba litapasuka. Hilo litajulikana lenyewe kwa wakati wake. Kazi yetu ni kuzikalisha namba mbili kwenye jedwali moja kwa adabu, mteja alipe, twende nyumbani.

Kwa walioingia fani hii kwa mlango wa uani (karibuni, hamko peke yenu), haya ndiyo ya lazima. Elementi ya ganda ni bamba lisilo na unene kwenye skrini. Unachora uso wa kati tu, unene unauandika kama namba kwenye kisanduku. Kila nodi, yaani nukta ambako elementi huungana, ina njia sita za kwenda, tatu za kusogea na tatu za kuzunguka, na programu inachukulia kwamba mkazo wa kupinda hubadilika kwa mstari ulionyooka kutoka uso wa juu hadi wa chini. Elementi ya solidi ni kitofali au kipiramidi chenye mwili kamili. Nodi zake zina njia tatu tu, hazijui kuzunguka. Haina dhana yoyote kuhusu unene: itakupa kila kilichomo ndani, hata ambacho hukuuliza. Kwa hiyo moja inajibu swali la bamba, nyingine inajibu swali la donge la chuma. Siri hiyo ibaki kati yetu, kwa sababu mteja anaamini swali ni moja.

1. Ficha kalamu

Adui yako si mteja wala mkaguzi. Ni yule mzee wa meza ya pembeni mwenye kikokotoo kilichofutika namba. Utamwambia, "Shikamoo mzee," naye atajibu, "Marahaba, Injinia. Hilo bamba lina upana gani?" Ukijibu tu, umekwisha. Bamba la urefu wa mita 1, upana milimita 100, unene milimita 10, limeshikwa upande mmoja na kutundikwa nyutoni 100 upande wa pili: kabla hujaketi ameshaandika pembezoni mwa gazeti kwamba mkazo penye shina ni megapaskali 60 na ncha imeshuka milimita 19. Ganda lako litakubaliana naye. Solidi yako, ikitengenezwa vizuri, itakubaliana naye pia. Hapo hakuna tena ubishi, na pasipo ubishi hakuna malipo ya saa za ziada.

Kwa hiyo mfano mwepesi wa namna hii usionekane popote kwenye ripoti. Nenda moja kwa moja kwenye tangi lenye mabomba kila upande, ambako kalamu ya mzee haifiki.

2. Amua mshindi kabla ya mechi

Wajinga huendesha modeli kisha wakaangalia matokeo. Wewe angalia kwanza michoro imefika wapi. Kama mabamba yameshakatwa karakana, ganda lishinde. Kama mteja bado ana fedha ya chuma kinene, solidi ishinde.

Ganda likitakiwa kushinda, mlemaze mpinzani. Chukua tofali la daraja la kwanza, lile lenye nodi nane kwenye pembe zake, weka moja tu kwenye unene wote wa bamba, na ulirefushe mara kumi ya unene huo. Kwa hesabu ya vitabuni, tofali la namna hiyo lisilopewa dawa yoyote huwa gumu kupinda karibu mara 40 kuliko chuma chenyewe. Ile ncha iliyoshuka milimita 19 sasa inashuka nusu milimita. Umevumbua chuma ambacho hakuna kiwanda kimewahi kukiyeyusha.

Ukiona umezidisha, chagua hesabu iliyopunguzwa, ambapo programu husoma mkazo kwenye nukta moja iliyo katikati kabisa ya tofali. Katikati ya bamba linalopinda mkazo ni sifuri. Bamba lako limebeba mzigo wote na linaripoti kwamba halisikii chochote. Ni mbinu safi sana. Sharti uzime picha ya mabadiliko ya umbo, maana matofali yale hujikunja kwa mitindo isiyopendeza mbele za watu.

Dawa yake inajulikana: matofali manne hivi kwenye unene, au elementi za daraja la pili. Lakini kwa bamba letu dogo matofali manne ya milimita 2.5 kila upande ni elementi 64,000, ilhali ganda lenye vipande vya milimita 10 linamaliza kazi kwa 1,000. Zitaje hizo namba mbili kikaoni, kisha unyamaze. Hesabu ya muda wa kompyuta mteja ataifanya mwenyewe.

Solidi ikitakiwa kushinda, tafuta kitu kinene. Silinda ya nusu kipenyo milimita 100 kwa ndani na 200 kwa nje, presha ya megapaskali 10 ndani yake. Solidi itakuonyesha 16.7 kwenye uso wa ndani, sawasawa na fomula ya Mfaransa Lamé ya karne ya 19. Ganda lililochorwa kwenye uso wa kati litakwambia 15, ndani 15, nje 15, kwa sababu halijui kama ndani na nje kuna tofauti. Hapo tikisa kichwa kwa huzuni na useme, "Ganda nalo lina mipaka yake." Ila tangi la kawaida la nusu kipenyo cha mita 1 na unene wa milimita 10, chini ya presha ya megapaskali 1, usilitoe hadharani. Ganda linasema 100, solidi inasema 100 ndani na 99 nje. Hakuna anayelipia kikao cha namna hiyo.

3. Chagua uso

Ganda lina nyuso tatu za kusomewa mkazo: juu, kati na chini. Kwenye bamba letu linalopinda ni 60, sifuri na 60 hasi. Ukihitaji namba ndogo, soma katikati. Ukiulizwa, sema umesoma "mkazo wa utando", na ni kweli, ndivyo unavyoitwa. Hakuna atakayeuliza kwa nini utando wakati bamba linapinda.

Kuna la ziada kwa wavivu. Kila elementi ya ganda ina mshale unaoonyesha juu ni upande gani. Usiikague mishale. Baadhi itatazama mbinguni, mingine ardhini, na programu ikichukua wastani wa jirani mwenye 60 na jirani mwenye 60 hasi, itakuletea sifuri bila wewe kugusa kitu.

Na ukitaka kuficha kabisa kipi kinavutwa na kipi kinagandamizwa, tumia mkazo wa von Mises. Tangu mwaka 1913 umekuwa ukitusaidia kuamua kama chuma kitalegea, na hauna hasi. Kila kitu huwa chanya, kama hotuba ya mwisho wa mwaka.

4. Bishana kuhusu mahali bila kutaja mahali

Hapa tukae kidogo, kwa maana nusu ya ugomvi wote wa ganda na solidi huzaliwa hapa, na mlevi wa namba za juu kabisa hapaoni kamwe.

Chukua bamba dogo lililochomelewa wima juu ya bamba kubwa lenye unene wa milimita 10. Mzigo unalisukuma bamba dogo kwa ubavu, milimita 50 juu ya uso wa kati wa lile kubwa. Kwenye modeli ya ganda, mabamba yote mawili ni karatasi zinazokutana kwenye mstari mmoja, na mstari huo uko ndani ya tumbo la bamba kubwa, mahali ambapo hakuna ufa utakaoanzia. Mkono wa mzigo mpaka hapo ni 50. Kwenye modeli ya solidi bamba dogo linaishia juu ya uso wa lile kubwa, milimita 5 kutoka kati. Mkono ni 45. Halafu fundi ameweka mshono wa weldi wenye mguu wa milimita 7, na wewe ukauchora. Unyayo wa mshono uko milimita 12 kutoka kati, na mkono ni 38.

Gawanya 50 kwa 38. Ganda limezidi kwa asilimia 32, na hakuna aliyekosea. Moja limesoma ndani ya tumbo, jingine limesoma penye unyayo. Ukienda kwenye ganda ukasoma milimita 12 juu ya ule mstari, mkazo wa kupinda unapatana na solidi na mjadala unafungwa.

Ndiyo maana usisome hapo. Soma pale panapowaka rangi nyekundu pande zote mbili, na ueleze tofauti kufuatana na upepo. Ganda likiwa juu, sema, "Tumejiwekea akiba ya usalama." Solidi ikiwa juu, sema, "Hilo ni jambo la kihesabu tu." Sentensi zote mbili huwa kweli mara kwa mara, na hapo ndipo penye utamu.

Ukitaka kuchanganya mambo kabisa, unganisha ukingo wa ganda na solidi kwa kushirikisha nodi tu. Ganda linajua kuzunguka, solidi haijui, kwa hiyo kwenye kiungo hicho umepata bawaba. Bamba litapinda ajabu. Liite "matokeo ya awali".

5. Kona, hazina ya mhandisi

Solidi yako ina kona kali inayoingia ndani, pale bamba linapokutana na bamba bila duara lolote. Kwa nadharia ya chuma kisicholegea, mkazo kwenye kona hiyo hauna mwisho. Programu haiwezi kuandika "hauna mwisho", kwa hiyo inakuandikia namba inayotegemea umegawa wavu wako wa elementi mdogo kiasi gani. Kwa kona ya nyuzi 90, kila ukigawa elementi nusu, mkazo unapanda kwa takriban asilimia 37. Ulikuwa na 150 kwa elementi za milimita 10? Kwa milimita 5 utapata 206 hivi. Kwa milimita 2.5, 282. Kwa milimita 1.25, 386. Ukiwa na subira na umeme usiokatika, utafika popote unapotaka.

Umeelewa nilichokwambia? Popote unapotaka. Ganda lako lilisema 140. Huna haja ya kulibadilisha ganda wala chuma wala mzigo. Kuza elementi za solidi pole pole mpaka kona nayo iseme 140 na kidogo, kisha simama hapo hapo. Kwenye ripoti andika kwamba matokeo ya aina mbili za elementi yanalingana kwa asilimia 98, na kwamba ukubwa wa wavu ulichaguliwa baada ya uchunguzi. Uongo uko wapi? Ulichunguza, ukachagua.

Hatari ni moja tu: mtu akiomba jedwali la kuonyesha namba inavyotulia kadiri wavu unavyokuwa mdogo. Haitulii. Mpe jedwali la jinsi ncha inavyoshuka badala ya mkazo. Hilo hutulia mapema na kwa heshima.

6. Changa la macho

Programu ikiachiwa uamuzi, hupaka nyekundu kwenye namba kubwa kuliko zote za picha husika. Picha ya 140 na picha ya 312 zote zina nyekundu mahali pale pale. Ziweke ubavu kwa ubavu, punguza maandishi ya kipimo mpaka yasomwe na mwenye miwani tu, na uandike chini yake: mgawanyo wa mkazo unafanana. Unafanana kweli.

Wastani nao usiusahau. Mabamba matatu yanakutana kwenye nodi moja, moja lina 180, jingine 60, la tatu 30. Programu, ukiiruhusu, itakupa 90 kwa ajili ya bamba ambalo halipo. Funika kombe mwanaharamu apite.

7. Jifiche nyuma ya kanuni

Namba ikigoma kabisa kushuka, ipeleke kwenye vitabu vya kanuni. Kwa mishono ya weldi, Taasisi ya Kimataifa ya Uchomeleaji inakuruhusu usisome kwenye unyayo wenyewe. Unasoma kwa umbali wa 0.4 ya unene na wa unene mmoja kamili, kisha unarudi nyuma kwa hesabu: mara 1.67 ya namba ya kwanza, toa mara 0.67 ya namba ya pili. Kwa bamba la milimita 10, ukisoma 150 kwenye milimita 4 na 120 kwenye milimita 10, jibu ni 170. Ni njia nzuri, ya heshima, na inafanya kazi kwa ganda na kwa solidi. Kwa hiyo itumie vibaya: soma kwenye milimita 7 na 15. Nani ataleta rula?

Kwa matangi ya presha, kanuni za ASME, Sehemu ya VIII, Divisheni ya 2, zinakuruhusu kupitisha mstari kwenye unene wa solidi na kuugawa mkazo mafungu matatu: utando, kupinda na kilele. Mafungu mawili ya kwanza ndiyo ambayo ganda huyatoa, na ndiyo halali kulinganishwa nalo. Kilele kinabaki kwa ajili ya hesabu ya uchovu wa chuma, pale mzigo unapokuja na kuondoka maelfu ya mara. Mzigo wako unakuja na kuondoka? Sikusikii vizuri, mtandao unasumbua. Kitupe kilele.

8. Kurasa

Ripoti nyembamba husomwa. Inenepeshe kwa historia: Turner, Clough, Martin na Topp na makala yao ya 1956, Clough huyo huyo aliyeibatiza njia hii ya elementi jina mwaka 1960. Mkaguzi akifika ukurasa wa tisa, ataruka mpaka hitimisho.

Kisa cha kutomsimulia mteja

Tarehe 23 Agosti 1991, kwenye ghuba ya Gandsfjorden karibu na Stavanger, Norwei, wahandisi walikuwa wanauzamisha taratibu kwenye maji msingi wa zege wa jukwaa la mafuta na gesi la Sleipner A, kwa majaribio kabla ya kuupachika sehemu ya juu. Ukuta wa moja ya seli zake ukapasuka, maji yakaingia kuliko pampu zilivyoweza kuyatoa, na msingi mzima ukazama na kusagikia chini. Mtikisiko ulisomeka 3.0 kwenye vipimo vya matetemeko. Watu wote waliokuwamo waliokolewa. Hasara ilikadiriwa kuwa dola milioni 700.

Uchunguzi ulionyesha kwamba modeli ya elementi ilikuwa imepunguza mkazo wa mkato kwenye kuta hizo kwa asilimia 47, na nondo za pale hazikuwa zimeshikizwa vya kutosha. Hesabu makini iliyofanywa baada ya ajali ilibashiri kwamba ukuta ungeshindwa kwenye kina cha mita 62. Ulishindwa kwenye mita 65. Yaani namba ilipatikana, tena nzuri sana, ila ilikuja baada ya zege kulala chini ya maji.

Kama moyo wako ni mwepesi

Wapo watu ambao mbinu hizi huwanyima usingizi. Kama ni mmoja wao, fanya hivi, ila usiseme nimekufundisha mimi. Anza na mizigo: jumla ya nguvu kwenye vishikizo vya modeli zote mbili iwe sawa na mzigo uliouweka. Kisha linganisha kushuka. Kisha nenda kwenye mkazo, umbali wa angalau unene mmoja kutoka kwenye kona, nukta ile ile ya chuma, uso ule ule, mhimili ule ule, bila wastani wa kuvuka mabamba. Kwenye solidi pitisha mstari kwenye unene, toa utando na kupinda, uvilinganishe na juu na chini ya ganda. Kwa bamba jembamba zitapatana. Kilichobaki penye kona ni kilele ambacho ganda halikuwahi kuahidi kukionyesha, na kama mzigo ni wa kurudiarudia, chora duara halisi la mshono na ukihesabu. Halafu mpelekee mzee wa pembeni karatasi, umwachie na kalamu.

Itakula alasiri nzima, na mwisho wake hutapata picha hata moja ya kuvutia.

Sisi wengine tunaelekea kikaoni. Shati umebadilisha? Vizuri. Mkurugenzi akiuliza kwa nini hii ni kubwa kuliko ile, mjibu, "Ni ya hapo tu, Mkurugenzi, haisambai." Na ule mstari wa ukurasa wa mwisho unaosema "Imehakikiwa na", uache wazi. Kuna mwenzetu amerudi likizo leo asubuhi. Mpelekee yeye aweke sahihi.